Shafti Iliyozuia Mlango

Mimi sina simile, gereji nzima inalijua hilo. Nikisema injini imekufa, imekufa, mwenye gari aanze kutafuta nyingine. Kwa hiyo asubuhi ile, shafti mpya ya gari la baba iliponisomea milimita thelathini na nane nukta mbili, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtukana muuzaji.

Gari lenyewe ni kuukuu, baba kaliendesha tangu sisi tukiwa wadogo. Lilikosa nguvu kwa sababu kemshafti yake ililika. Hicho ni chuma kirefu chenye nundu, na kila nundu inasukuma valvu ifunguke. Kwa gari hili, nundu nzima ina kimo cha thelathini na nane na nusu. Ikishuka hadi nukta mbili, ni ya kutupa.

Miezi minane nyuma, mdogo wangu wa kiume, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, alizijaza nundu zote nane kwa kulehemu, akazisaga moja moja kwa wiki tatu ili baba aendeshe tena. Nikazipima kwa maikromita yangu, kile kipimo cha kubana. Nukta mbili, zote. Akaniomba kwa upole nikikague kipimo kwanza. Weee, mimi nikague kipimo? Nilimjia juu mbele ya baba na wateja, nikamwambia mkono wake haufai hata kuziba pancha. Alivua ovaroli, akaitundika msumarini, akaenda zake, na hajakanyaga pale tena. Baba naye hakumtetea, maana aliniamini mimi, fundi mkubwa.

Sasa hii mpya, iliyotuchukua miezi yote hiyo kuipata, imetoka kwenye karatasi yake, bado inanata mafuta ya kiwandani, na nundu ya kwanza ni nukta mbili. Ya pili hivyo hivyo. Nane zote. Nikaapa kwamba nimeuziwa feki, nikamwita jirani yangu mkereza vyuma aje awe shahidi. Tunamwita Taratibu, kwa sababu hata salamu huitafakari kwanza ndipo aijibu. Akaja na maikromita yake. Kabla ya kuigusa shafti, alibana kile kijiti cha chuma cha urefu maalumu, kinachouzwa pamoja na kipimo ili kukikagulia, akatazama mpaka akaridhika kwamba mstari umekaa kwenye sifuri. Ndipo akapima. Thelathini na nane na nusu.

"Hebu bana cha kwako," akaniambia.

Kijiti changu kilikuwa ndani ya boksi, hakijawahi kutoka tangu ninunue. Nikakibana. Kipimo changu kilipungua nukta tatu.

Nilikumbuka vizuri sana. Wiki moja kabla mdogo wangu hajaniletea kazi yake, maikromita ilinidondoka kwenye saruji. Nilitazama kushoto na kulia, nikaona hakuna aliyeniona, nikaipangusa na kuirudisha kwenye boksi. Basi. Nikaendelea kuhukumu nayo shafti za watu.

Nikamuuliza Taratibu kama alijua. Akasema alichojua ni kwamba kijana alisagia kwenye mashine yake na kupima kwa kipimo chake kila jioni, na kazi ilikuwa safi.

"Mbona hukuniambia?"

Akafikiri kidogo. "Ungenisikiliza?"

Shafti ya mdogo wangu ilikuwa pale mlangoni. Niliiweka siku ile ile aliyoondoka, izuie mlango usijifunge, kwa makusudi kabisa, ili kila mtu aione. Miezi minane watu wameipiga teke wakipita. Niliiokota, nikaiosha kwa dizeli. Taratibu akapima, mimi nikaandika kwa chaki. Nusu. Nusu. Nusu. Nane zote. Mimi mwenyewe, na ukongwe wangu wote, sijawahi kusaga hivyo. Nikakaa chini kwenye saruji. Baba, aliyekuwa kwenye stuli yake akisubiri gari, aliniuliza kama naumwa.

Nikampigia mdogo wangu simu. Iliita mpaka nikadhani hapokei.

"Nimeipima tena shafti yako," nikasema. "Kipimo changu ndicho kilikuwa kibovu. Nilikiangusha, nikanyamaza."

Akauliza, "Iko wapi sasa?"

Ningeweza kusema iko kabatini. Hakuna ambaye angenisuta.

"Ilikuwa inazuia mlango," nikamjibu. "Tangu ulipoondoka."

"Mtu asiiguse," akasema. "Nakuja kuifunga mwenyewe, baba akiwepo. Na wewe, dada, utakuwa unanipa spana."

Akakata. Baba akataka kujua anasemaje. Nikamwambia anakuja, huku nalia mbele ya wateja, pale pale nilipomtukana.