Karatasi ya Vidonge

Mwanangu Khursheed alipovimba koo, mume wangu Abdeali alimwita daktari nyumbani. Daktari alimtazama mtoto mbele yangu na mama mkwe, akatoa chupa ya vidonge mkobani.

"Vinaitwaje?" nikauliza.

"Viite vidonge vyeupe, bibi," akasema huku akicheka. "Vitamponya hivyo hivyo."

Nilikwenda kabatini nikaleta karatasi niliyoihifadhi tangu mwaka wa arubaini na nne. Ilifungiwa vidonge vilivyomvimbisha Khursheed midomo na macho, hata akawa anapumua kwa shida. Nilimwomba daktari asome jina lililoandikwa pale, kisha asome la chupa yake.

Alisoma polepole. Lilikuwa jina lile lile. Akairudisha chupa mkobani, akaandika dawa nyingine, akaniambia, "Karatasi hii usiitupe, Mama Khursheed."

Siku ya nne mtoto alikuwa barazani anakula sambusa, wala hakulalamika ila kwamba zimekwisha. Abdeali alifurahi, lakini jambo moja lilikuwa bado linamkera.

"Umemsomesha daktari kama mtoto wa chuoni, na mama yangu anatazama. Mpelekee sahani ya halua, umtake radhi."

"Halua nitampelekea. Ni muungwana, aliombwa asome akasoma. Radhi simtaki."

"Hata neno moja, mke wangu?"

Nilimtazama Khursheed akilamba vidole, midomo yake myembamba kama alivyozaliwa nayo.

"Hata nusu neno," nikasema.