Milio Miwili ya Mtutu

Kwenye kiwanda cha bunduki walimwita Masikio, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Rashasha nzito, ile bunduki ya miguu mitatu inayotoboa injini ya lori kutoka mbali, ilikuwa na ugonjwa mmoja tangu ilipobuniwa: kila ukibadilisha mtutu, lazima upime upya nafasi kati ya mtutu na komeo linalosukuma risasi. Unauzungusha mtutu mpaka mwisho, kisha unaurudisha nyuma milio miwili. Ka, ka. Nafasi ikipungua, bunduki inakwama. Ikizidi, ganda la risasi linapasuka usoni mwa mpigaji. Kulikuwa na bamba la chuma la kuhakikishia nafasi hiyo, lakini Masikio alilidharau. Alitega sikio, akasema "tayari", na askari aliowafundisha wote walitoka darasani wakisema "tayari" kwa majivuno yaleyale.

Kitu ambacho hakumwambia mtu ni kwamba masikio yenyewe yalikuwa yamekufa karibu kabisa. Rashasha hiyohiyo iliyomlisha ndiyo iliyoyaua, taratibu, na yeye akajitia hamnazo. Siku hizi alifanya kazi kwa vidole: kila mlio ulipiga teke dogo ndani ya chuma, naye alilipata kwenye ncha za vidole. Nyumbani alitikisa kichwa kukubali kila aliloambiwa. Mkwewe, mume wa binti yake, ambaye alikuwa koplo jeshini, alipenda kusema hajawahi kuona baba mkwe asiyebishana mezani.

Binti yake alikuwa injinia palepale kiwandani. Mwaka uliotangulia askari mmoja alipoteza jicho vitani, akibadilisha mtutu haraka huku risasi zikimmiminikia, ganda likampasukia usoni. Binti akarudi kwenye meza ya kuchorea, akabuni mtutu unaojifunga wenyewe: sukuma, zungusha kidogo, basi. Hakuna kupima. Jeshi likiukubali, darasa la Masikio linafungwa, na bila darasa angebaki mzee kiziwi wa kukaa sebuleni. Hilo lilimtisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Siku ya majaribio kanali aliyetumwa na jeshi kuchagua mtutu hakumumunya maneno.

"Leo hatupimi mezani. Mnapiga mkanda mzima, mtutu unapata moto, mnabadilisha, mnapiga tena. Na glavu hazivuliwi, kama vitani."

Masikio alizitazama zile glavu za ngozi nene. Miaka yote alikuwa amefundisha darasani, chuma baridi, mikono mitupu.

Mpigaji alikuwa koplo. Mtutu wa binti ulibadilishwa kabla watu hawajakohoa, koplo akapiga mkanda, mavumbi yakaruka kule kwenye shabaha. Kisha ikaletwa rashasha ya zamani. Koplo akapiga mkanda mzima, na Masikio akaingia kazini. Akautoa mtutu uliofuka moshi, akatia mwingine, akauzungusha mpaka mwisho. Akaurudisha nyuma. Kitu kikagonga, au ni glavu iliyoteleza tu. Akaurudisha tena kidogo. Je, ni mmoja huo, miwili, au mitatu? Ndani ya ngozi ile vidole vyake vilikuwa bubu.

"Tayari," mdomo ukasema wenyewe, kwa mazoea.

Koplo akalala nyuma ya bunduki, uso karibu na kifuniko. Hakuomba bamba wala hakumtazama mzee. Aliyesema tayari ni baba mkwe, ya nini kuhangaika? Kanali akainua bendera.

"Usipige!" Masikio alipiga kelele, na tayari alikuwa amekwishamshika koplo begani. "Ondoka hapo. Sijui nimerudisha mara ngapi."

"Hukusikia?" kanali akauliza. Masikio akamkazia macho midomoni, na kanali akalazimika kurudia kwa sauti.

"Sisikii. Ni miaka sasa."

Aibu ilimchoma mpaka akatamani ardhi ipasuke. Binti alisogea kwenye bunduki. Akalichukua bamba, akalichomeka kwenye nafasi ile. Likaingia barabara, bila kubana wala kucheza.

"Milio miwili kamili," akasema, akimwonyesha vidole viwili.

Kanali akacheka kwa mshangao. "Mzee, si ungenyamaza tu!"

Koplo akapiga mkanda wote bila hitilafu. Hata hivyo kanali aliuchagua mtutu wa binti, na Masikio hakubisha.

Walipokuwa wakifungasha, binti akamsogelea, akampazia sauti kwa mara ya kwanza maishani.

"Baba! Mwaka jana mezani nilikuuliza kama ni sawa nikitengeneza mtutu huu, hutakasirika. Ukakubali kwa kichwa. Ulinisikia?"

"Hapana."

Binti akashika kiuno. Akatazama pembeni, kisha akamrudia baba yake na macho yaliyolengwa na machozi. Mwaka mzima alikuwa amefanya kazi akijua ana baraka zake.

"Basi niulize tena," Masikio akasema.

Akamuuliza, uwanja mzima ukasikia. Masikio akamtazama mkwewe, ambaye alikuwa amekaa juu ya sanduku la risasi akijipangusa vumbi machoni, jicho moja, kisha la pili.

"Ningekasirika sana," akasema. "Lakini wewe utengeneze tu."