Rangi ya Chumba cha Mama

Mtaani walimwita Bi Nesi, ingawa hakusomea unesi wala hakuwahi kuvaa sare. Alimuuguza mama yake miaka kumi na mitano, jina likamganda. Mama alipofariki watu walingoja alie. Hakulia. Alifua mashuka, akapokea pole, akaosha vikombe vya wageni, mwili kama umekufa ganzi.

Wiki ya tatu kaka yake akapiga simu. "Dada, funga mizigo uje kwetu. Wifi yako anakaribia kujifungua, na wewe sasa huna kazi."

"Nitakuja," akasema, kama alivyozoea kukubali kila kitu.

Kabla ya safari alitaka kukipaka rangi chumba cha mama, maana kuta zilijaa madoa ya dawa. Mwenye duka la rangi, mama mmoja mwenye utani mwingi, akamfunulia kitabu cha vipande vya rangi.

"Unapenda ipi, mwanangu?"

"Mama alipenda krimu."

"Mimi nakuuliza wewe. Au mpaka tumpigie mama simu?"

"Amefariki."

Mwenye duka akajiziba mdomo. "Jamani! Nisamehe, mdomo wangu huu hauna breki."

"Usijali," Bi Nesi alisema, na kweli hakuumia. Kilichomsumbua ni lile swali la anachopenda yeye. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Chai alikunywa bila sukari kwa sababu ya kisukari cha mama. Redio alifungulia stesheni ya mama. Alikipekua kile kitabu mwanzo hadi mwisho, asione chake. Mwishowe akabeba vikopo vitatu vidogo: bluu, kijani na hudhurungi.

Nyumbani alipaka kiraka cha kila rangi ukutani, akakaa kwenye kitanda kitupu cha mama kutazama. Bluu haikumwambia kitu. Hudhurungi vilevile. Kijani akaikodolea macho weee, kisha akatamka kwa sauti, "Hii siipendi."

Alishtuka kujisikia. Hakufurahi, lakini alikuwa na hakika.

Akampigia kaka yake. "Siji."

"Huji? Una nini huko cha kukuzuia?"

"Sijui bado."

"Mama angesemaje?"

"Sijui, kaka. Hili nalisema mimi."

Kaka akakata simu. Bi Nesi akasubiri moyo umwende mbio, haukwenda. Akavaa kandambili, akarudi dukani kabla halijafungwa, akaomba kikopo kingine, cha njano.