Gari la Kulelea

Povu lilikuwa limemfika Hafsa viwikoni, na mwanawe Muhsin yuko mgongoni akitafuna ncha ya mtandio wake, Awadhi alipokuja kusimama mbele yao.

"Hafsa, jana tuliongea nini?"

"Bosi, anasinzia. Akilala tu namshusha."

"Unamshusha wapi? Wateja wanasema hapa pamekuwa kliniki. Nikimwona tena mgongoni, mrudi zenu Handeni mkalime. Sina ugomvi."

"Sawa, bosi."

Mama yake kule Handeni alikuwa hajiwezi kwa maumivu ya kiuno. Sabiri, baba wa mtoto, alikwenda kutafuta kibarua cha mkonge tangu masika, na simu yake haipatikani. Kituo cha watoto hapa Korogwe kilipandisha ada unga ulipopanda. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri. Muhsin ndiye hakuwa na sababu yoyote. Alikuwa na usingizi tu.

Wanawake walioosha magari pale walikuwa na utaratibu wao, ambao Awadhi hakuujua, au alijifanya haujui. Gari likishaoshwa na kuegeshwa chini ya mwarobaini likauke, mwenyewe akiwa bado anakula hotelini ng'ambo ya barabara, kiti cha nyuma kinageuka kitanda. Milango wazi, khanga moja chini, nyingine juu. Aliye karibu anatupia jicho.

Siku hiyo lilikuwapo gari jipya, jeupe, la Yordani, mfanyabiashara wa mboga kutoka Vugiri. Asubuhi alikuwa amelizunguka akijisifu.

"Humu darini kuna rada," alimwambia Raheli, mwenzake Hafsa. "Mtoto akisahaulika nyuma, hata umfunike blanketi, inasikia kifua chake kinavyopanda na kushuka."

"Hata wa Kisambaa?" aliuliza Raheli, naye Msambaa. "Sisi milima imetuchosha, tunapumua kwa zamu."

Yordani alicheka. "Inasikia wote, dada."

Hafsa, amepiga magoti kwenye tairi, aliacha kusugua. Tangu Muhsin azaliwe, kila usiku alikuwa akimwekea kiganja karibu na pua ili ahakikishe. Kumbe kuna kitu kinachoweza kukaa juu pale, kisisinzie, kimshikie zamu.

"Hilo gari ni yaya," alinong'ona.

"Tena yaya asiyedai mshahara," Raheli akajibu.

Mchana Yordani alichukua rimoti yake akaenda kula, akaacha milango wazi ili kapeti zikauke. Wakamlaza Muhsin humo. Punde Awadhi akamtuma Raheli dukani kufuata sabuni, na Hafsa akapelekwa mwisho wa uwanja kwenye basi lililogandwa na tope la Mnyuzi. Aligeuka mara moja kulitazama gari jeupe, moyo ukatulia. Yaya yupo.

Maji ya presha yalipiga ubavu wa basi yakarudi kama mvua nyepesi, yakabeba upinde mdogo wa rangi. Milima ya Usambara ilikuwa mbali, ya buluu, kama inayeyuka. Hafsa akaota macho wazi. Aliona rada kwenye kila paa, kuanzia Korogwe mpaka Handeni, inasikia nani amelala na njaa, nani anahema kwa homa, nayo inapiga kelele mpaka mtu aje.

Honi ikalia. Ikalia tena, mfululizo, kama ndani ya ndoto ile ile.

"Haya magari mapya deko tu," Awadhi alisema. Yeye ndiye aliyefunga milango ya lile gari, vumbi la lori lilipopita, bila kuchungulia ndani. Yordani, kule hotelini, alikuwa ameona milango imefungwa, akalipiga gari loki palepale kwenye kiti chake. Sasa alinyoosha mkono wenye rimoti. Kimya. Honi ikaanza tena. Akabonyeza tena, akarudi kwenye tonge lake.

Katika kimya kile cha pili Hafsa alielewa. Yaya huyu hambebi mtoto. Anaita tu, na anayeitwa anakula ugali.

Akipiga kelele, Awadhi atajua.

"Mwanangu yumo!" alipiga kelele. "Fungueni! Mwanangu yumo ndani!"

Yordani alivuka barabara mbio, rimoti ikimteleza vidoleni kwa mchuzi. Mlango ulipofunguka, joto lilitoka kama mvuke wa sufuria. Muhsin alikuwa ameloa jasho chapachapa, sauti imemkauka, lakini analia. Hafsa alimpangusa uso kwa maji, akampa ziwa.

"Nimeizima mara mbili," Yordani alisema. "Inaniita, mimi naizima."

"Nani kamweka humo?" Awadhi alifoka.

"Mimi na Hafsa," alijibu Raheli, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika na sabuni. "Na milango umefunga wewe."

"Nilikuwa nazuia vumbi! Hafsa, chukua mtoto wako uende."

"Niende naye wapi, bosi?"

Hakuwa anambishia. Aliuliza kweli, akangoja, akawatazama mmoja mmoja. Yordani alipangusa mchuzi kwenye rimoti. Awadhi alitazama barabarani.

"Jamani, basi langu?" dereva aliita.

Hafsa alikaa kivulini mpaka pumzi ya Muhsin ikawa ya kawaida. Kisha akainama, akampandisha mgongoni, akamfunga kwa khanga, akakaza fundo kifuani mbele ya macho ya Awadhi. Akaliendea basi, akaokota mpira wa maji.

"Hafsa! Nazungumza na wewe!"

Raheli alikuja na ndoo akasimama katikati yao, akaanza kusugua taa ambayo ilikwisha kuwa safi. Maji yaliruka juu. Muhsin alitoa mkono kwenye khanga, akauacha ulowe.