Mtoto Mzito wa Katumba

Uvumi uliletwa na wauza dagaa: huko Sibwesa kuna mtoto amekata kamba ya mzani kwa uzito wake, na mama yake sasa anaendesha baiskeli mpya ya zawadi. Marta aliusikia akipukuchua mahindi. Akaendelea kupukuchua, lakini uvumi ule haukumtoka. Mwanawe Alois alikuwa na miaka miwili, mikono kama mabua, na homa iliyokuwa inakwenda na kurudi. Hospitali iko Mpanda mjini. Baiskeli ingewafikisha.

Mwaka ule, tisini na sita, mashindano yakaja Katumba pia. Wakubwa walikuwa wamekaa wakayatunga ili watoto wa vijijini wawe na afya. Afya ina mambo mengi, na kuyapima yote ni kazi, wakachagua kilo. Bwana Enoka, aliyetumwa kuyasimamia, akapita na kipaza sauti: "Mtoto mzito kuliko wote ndiye mshindi!"

Mabibi wa pale hawakuwa wanamwita mtoto mzito. Walisema kashiba, au walinyamaza. Lakini neno likishatoka kwenye kipaza sauti linakuwa la serikali, basi kila mtu akalichukua. Asubuhi kina mama walinyanyua watoto wao wakisema, "Mzito huyu, mzito!" Marta naye akasema.

Alois akaanza kuwa mzito. Hakunenepa. Mbavu zilionekana vilevile, ila kitanda cha kamba kilikatika, na Marta akimbeba mgongoni alitembea kama aliyebeba kinu. Halafu miguu ikawa mizito, akaacha kutembea. Masikio yakawa mazito, akiitwa hageuki. Mwisho ulimi, akaacha kusema mama.

"Mama Alois, umemlisha mawe?" akauliza jirani yake Immaculata.

"Ugali na maharage, kama wewe."

"Basi wangu ana ugonjwa gani? Kutwa anakimbia tu. Huyu hatanipatia hata kanga!"

Siku ya kupima, mzani ulitundikwa kwenye boriti ya banda la tumbaku. Wanaume walisaidiana kumpandisha Alois. Boriti ikalia. Bwana Enoka akasoma mshale, akapiga makofi.

"Bwana," Marta akasema, "huyu hatembei tena. Hasikii."

"Mama, kutembea hakumo kwenye vigezo."

"Tazama basi mkono wake ulivyo."

"Mkono nao umo ndani ya zile kilo. Tumeshaupima."

Wakampa baiskeli. Wakamkalisha Alois kwenye keria, Marta akamfunga kwa kanga, akashika njia ya Mpanda. Matairi yakapasuka hawajamaliza shamba la Immaculata. Makoye, Msukuma mwenye ng'ombe, akaleta mkokoteni; ekseli ikapinda. Wakamrudisha kwa kumvuta juu ya ngozi ya ng'ombe, maana nyumbani palikuwa karibu kuliko Mpanda.

Baada ya mavuno wakaja wataalamu kupima matokeo ya mashindano. Walijumlisha kilo za watoto wote, wakagawanya kwa idadi yao, ikaonekana kila mtoto wa kijiji ameongezeka, hata yule wa Immaculata, ambaye alikuwa amepungua.

"Na wangu mtamtibu lini?" Marta akauliza.

"Mama, huyu ndiye aliyetubeba," akajibu mmoja wao, akamshika Alois kichwa. Wakaamua mwaka unaofuata mashindano yaende vijiji vyote.

Mvua zilipoanza, Alois alikuwa amekaa uani. Akazama kwenye tope mpaka kiunoni. Marta na Immaculata wakamchimbua kwa jembe, taratibu, wakaita watu, wakamvutia juu ya mwamba nyuma ya nyumba na kumwezekea kibanda. Anakaa hapo. Analishwa hapo. Homa inakwenda na kurudi.

Nyie kina mama ambao kipaza sauti bado hakijawafikia, epukeni haya:

Kumwita mtoto mzito, hata kwa utani.

Kushindania kitu kabla hamjauliza kitapimwaje.

Kukubali kilo za mtoto wa mwenzio zihesabiwe kwa wako.

Kungoja waliotunga mashindano waje kuuliza mtoto anaendeleaje.

Kuweka jembe mbali na mtoto aliyeshinda.