Mkono wa Gauni la Harusi

Fundi hakumkaribisha ndani. Alimwacha mdogo wake palepale mlangoni, mguu mmoja nje mmoja ndani, akaendelea kupekua misumari ya ukutani akitafuta karatasi ya kukatia mikono mirefu ya gauni la bibi harusi.

"Dada, hata maji?"

"Bomba liko nje."

Tangu soko la zamani liungue, wawili hawa hawakupikika chungu kimoja. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mlinzi. Gazeti lilisema alitoweka na ufunguo, geti likachelewa kufunguliwa, na mali za watu zikateketea, cherehani ya kwanza ya fundi ikiwemo. Wakati ule fundi hakujua kusoma. Alisomewa na majirani, akaamini. Mlinzi alijitetea kwamba ufunguo aliuchukua mtu mwenye chokaa kwenye nywele. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina la Chokaa likamganda, akahama mji.

Leo amerudi.

"Nani kakuita?"

"Mwanao. Anataka mjomba wake awepo kwenye harusi."

"Awepo afanye nini? Afunge ukumbi aondoke na ufunguo?"

Chokaa alicheka kidogo, cheko la mtu aliyezoea kuchekwa. "Ulimi wako bado una wembe, dada."

Fundi hakucheka. Mtu hapotei miaka yote hiyo kisha akarudi bure tu. Alisogeza mkoba wake kwa mguu, chini ya meza.

Karatasi akaipata. Kama mafundi wengi, vipimo vyake alivikata kwenye magazeti makuukuu, na mkono huu ulikuwa umening'inia tangu mtindo wake upitwe na wakati. Alipoutandaza juu ya kitambaa cheupe, akaona moshi. Picha ya soko. Aliikata mwenyewe zamani bila kujua maneno yake yanasema nini. Lakini tangu aanze masomo ya jioni, macho yake hayakuweza tena kupita neno bila kulisoma.

*Raia mwema akifungua kufuli la geti ili mali iokolewe.*

Mkasi ukasimama hewani. Akifungua kwa ufunguo gani, kama mlinzi alikwenda nao?

Akainama. Pua ya raia mwema ilikuwa imepinda, na juu ya paji lake, kwenye nywele, palikuwa na baka jeupe ambalo siku zile fundi alidhani ni kasoro ya uchapaji. Pua ile aliiona kila asubuhi. Akainua macho taratibu hadi kwenye kalenda, ukutani kando ya mlango. Mwenye jengo hili, lililojengwa juu ya majivu ya soko, alikuwa akitabasamu pichani, nywele nyeusi tii.

Nywele hupakwa rangi, fundi aliwaza. Ee Mungu, usiniache nimsingizie mtu. Wala usiniache nidanganywe tena.

Akaificha karatasi chini ya kitambaa. Kutoka pale mlangoni, Chokaa hakuweza kuiona kalenda.

"Yule mtu wako wa chokaa. Alikuwaje?"

"Unataka kunicheka tena?"

"Jibu."

"Alisema katumwa na ofisi ya soko. Mimi mgeni kazini, ningemkatalia vipi? Nikampa ufunguo, akaniambia nikanywe chai." Chokaa alijikuna shingo. "Pua yake ilikaa upande, kama mlango uliolegea bawaba. Hilo nililisema pia. Wewe ulikuwa umeshanipa kisogo."

Viatu vikalia kwenye korido. Msimamizi wa jengo alikuwa akipita, akichungulia vyumbani kama kawaida yake. Fundi alisubiri sauti ile ifike mbali.

"Ingia. Funga mlango."

Chokaa akaingia, akageuka kuufunga, akakutana uso kwa uso na kalenda. Mkono wake ukabaki kwenye komeo.

"Dada. Huyu ndiye..."

"Punguza sauti. Nimeona."

Aliunyosha mkono aichane. Fundi akamdaka.

"Iache hapohapo. Tukiitoa, atajua tunajua."

Akavuta futi yake shingoni, akamgeuza mdogo wake taratibu.

"Simama wima nikupime koti. Mjomba wa bibi harusi haendi na shati lililopauka hivi." Akapitisha futi mabegani. "Nisamehe, mdogo wangu."

 Chokaa aliinua mikono apimwe, huku macho yake yakiwa mlangoni.