Udongo Usio na Mnyoo

Postamasta mstaafu hakuwa mtu wa kushindwa na karoti. Alikuwa amekaa dirishani miaka thelathini na mmoja akigonga mihuri, na mwenyewe husimulia kwamba aliwahi kufikisha barua iliyoandikwa "Kwa Mjomba" tu, bila anwani, na ikamfikia mjomba aliyekusudiwa. Sasa karatasi ya maabara ilikuwa imemrudia mara ya pili: mabaki ya dawa ya wadudu yamezidi kiwango. Jiko la hospitali lingechukua karoti zake kwa ajili ya wagonjwa, ila kwanza zifaulu kipimo. Alipewa nafasi tatu. Ya tatu ilikuwa Alhamisi, na akifeli tena shamba linafutwa orodhani.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hajawahi kunyunyiza dawa, hata tone. Tangu kaka yake achoke kulima na kumwachia kile kipande cha shamba, wadudu aliwatoa kwa mkono, mmoja mmoja, akiwatukana kwa adabu. Kabla ya kipimo cha pili alizisugua karoti kwa mswaki wa mkewe, mke akagoma kupika, akalala njaa siku mbili.

Safari hii alikwenda maabara kugombana. Dada wa maabara, miwani juu ya paji la uso, alimsikiliza mpaka pumzi ikamwishia.

"Baba, wewe unaosha nje, na hii imo ndani," akamwambia. "Mzizi ukinywa maji ya udongo, unakunywa na kilichomo. Na karoti ndiyo mzizi wenyewe. Kuna dawa zinakaa ardhini miaka na miaka."

Mzee akaapa kuwa udongo wake ni wa daraja la kwanza. Aliuchimba nyuma ya tangi la maji, mweusi, laini, akaumwaga juu ya matuta yote, toroli arobaini. (Akiwasimulia majirani zilikuwa mia nne.) Haukuwa na gugu, wala kiwavi, wala mnyoo.

Dada aliacha kuandika. "Hata mnyoo?"

"Hata mmoja," akajibu kwa fahari, na hapohapo akajisikia alichosema: udongo mzima haukosi mnyoo.

Nyumbani alimkuta kaka yake amekalia ndoo iliyopinduliwa, anatafuna karoti. Akamuuliza, taratibu, nyuma ya tangi palikuwa na nini zamani.

"Pale? Ndipo nilipokuwa naosha bomba la kunyunyizia dawa. Dawa ikibaki, namwaga palepale. Miaka ishirini hiyo."

"Na siku zote hizi unaniona nasukuma toroli?"

"Nilikuona. Nikasema mdogo wangu kastaafu, anafanya mazoezi."

Postamasta alimpokonya karoti. Mkewe, aliyekuwa bado na kinyongo cha mswaki, akasema kutokea dirishani kwamba sokoni karoti zimejaa, anunue kikapu apeleke Alhamisi, nani atajua. Wazo lilimkaa kichwani usiku kucha, tena lilikaa vizuri. Lakini kikapu kingepimwa mara moja tu. Baada ya hapo wagonjwa wangekula za kwake.

Alhamisi alifika maabara na mifuko miwili ya udongo, mmoja wa nyuma ya tangi, mwingine wa matuta.

"Karoti ziko wapi?" dada akauliza.

"Andika zimefeli. Pima huu, uniambie nitasubiri miaka mingapi."

Dada akasema hilo si jambo la kujibu siku moja. Ila akwangue ile tabaka ya juu kabla haijachanganyika zaidi, asipande tena mizizi wala maboga, maana boga nalo ni mnywaji. Kisha akapiga mstari juu ya jina la shamba, polepole, kama anayeona aibu.

Mchana kaka alikuta toroli imeegeshwa mbele ya ndoo yake, koleo ndani.

"Tunaupeleka wapi?"

"Ulikotoka. Halafu tunapazungushia waya."

"Toroli zote arobaini?"

"Mia nne," alisema postamasta, akakalia ndoo.